Mbuzi Mabegani

Karakana, 9 Februari

Mwanangu Profesa,

Pokea salamu za watu ambao bado wanaikumbuka sura yako. Sisi wazima. Bibi yako mzima pia, ukiondoa macho, ambayo sasa ameyastaafisha rasmi. Anasema yameona vya kutosha na mengi hayakumfurahisha. Siku hizi anaona kwa vidole. Juzi alinipapasa uso akaniambia nimezeeka, jambo ambalo kioo changu kilikuwa kimelinyamazia kwa adabu. Kuku wako aliyekuwa amebaki tulimla. Alikusubiri kwa kadiri ya uwezo wake.

Nakuandikia barua, sikupigii, kwa sababu simu yako ina ugonjwa wa ajabu: kila nikimtaja baba yako, mtandao unakatika. Karatasi haina shida hiyo.

Sasa niingie kwenye lililonikalisha kitako. Kamati ya makaburi ya kanisa imebandika tangazo. Kaburi lolote lisilo na jiwe ifikapo mwisho wa Oktoba litasawazishwa, pawe mahali pa kuegesha magari. Kaburi la kaka yangu lina miaka minne na lina kipande cha nondo kichwani. Mimi, dada yake wa tumbo moja, ndiye ninayewachongea mawe ya makaburi watu wa mji huu wote, hata wale walionizulia maneno. Bibi yako akienda pale anashika ile nondo yenye kutu, anarudi na vidole vyekundu, ananiuliza jiwe linaandaliwa na fundi gani mvivu namna hii.

Jiwe lipo. Limeegemea ukuta wa karakana tangu mwaka ule ule wa msiba, jina na tarehe vimekaa, nafasi ya juu iko wazi. Kilichokosekana ni alama. Mwenyekiti wa kamati, huyu tunayemwita Mzee Muhuri kwa kuwa hata ukimpa shikamoo anatazama pa kuigongea, amekataa msalaba. Anasema kaka alikufa akiwa ametengwa na meza ya Bwana, na kamati ina ushahidi kwamba hakutubu. Ushahidi gani? Uko kwenye faili. Faili iko wapi? Kwenye kabati. Kabati lina nini? Lina kufuli. Geti la makaburi yale alilichomelea marehemu mwenyewe, kwa hiyo kumzuia asiingie ndani kulikuwa kugumu kidogo, lakini msalaba wameuweza. Wanamruhusu "pambo la heshima", basi.

Wewe umekaa huko miaka mitatu ukisomea Wakristo wa kwanza na michoro yao. Nipe alama moja ambayo kwa anayejua ni imani nzima, na kwa Mzee Muhuri ni pambo tu. Wenzetu wale walijificha wasionwe na wapagani. Sisi tutajificha tusionwe na kamati ya kanisa. Tofauti ni ndogo.

Na kuna swali jingine. Siku ile ya mwisho hospitali ulikuwa naye peke yako. Alisema nini?

Shangazi yako,
mwenye vumbi hadi kwenye kope

*

Chuoni, 2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Na kwa Bibi shikamoo mbili, moja ya mimi na moja ya yule kuku. Mimi ni mzima. Paa la bweni linavuja juu ya kitanda changu tu, na wenzangu wanasema ni wito. Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Mambo yakienda sawa nitabarikiwa kuwa mchungaji mwezi wa kumi na moja. Kimebaki kitu kimoja, barua ya kanisa la nyumbani. Barua hiyo, kama unavyojua, huandikwa na katibu wa baraza la wazee, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya makaburi. Mtu mmoja, mihuri miwili.

Kuhusu ombi lako, suala hili ni pana. Kwanza yafaa ieleweke kwamba Wakristo wa karne za mwanzo hawakupenda kuchora msalaba waziwazi. Ulikuwa chombo cha kuulia wahalifu, na watu walikuwa bado wanauona ukitumika. Kwa hiyo walitumia alama nyingine, nami nimekuchorea nne kwenye karatasi ya pili.

Samaki: kwa Kigiriki, herufi za neno hilo ni mianzo ya maneno "Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi". Ni ungamo zima la imani ndani ya mnyama mmoja. Nanga: ni tumaini, kama Waraka kwa Waebrania unavyosema, nanga ya roho, iliyo imara. Ukitazama upau wake wa juu utauona msalaba uliojificha, ingawa wataalamu wanabishana kama ulikusudiwa. Tausi: watu wa kale waliamini nyama yake haiozi, kwa hiyo ni uzima usioharibika. Askofu mmoja maarufu wa zamani hizo aliwahi kuweka kipande cha nyama ya tausi mwaka mzima ili ahakikishe, akaridhika. Mtu aliyeinua mikono: ni roho inayoomba, tayari imefika salama.

Kitheolojia nanga ndiyo yenye uzito zaidi. Kisiasa ningesema tausi.

Kuhusu siku ile hospitali, Baba alikuwa amechoka sana. Nakuombea kila siku.

Mwanao

*

Karakana, 20 Machi

Profesa,

Asante kwa maombi. Yafanye yawe ya mgongo, maana nimebeba jiwe la mke wa mwalimu mkuu peke yangu. Bibi yako anakusalimu na anasema shikamoo ya kuku ameipokea kwa niaba yake.

Nilipeleka michoro yako kwenye kamati. Wanakaa chumba cha nyuma ya kanisa, kile chenye viti vinavyokunjika na kitambaa cha meza ambacho akina mama walikitarizi samaki wawili. Mmoja wa samaki hao amemwagikiwa chai. Ukumbuke hilo.

Tukaanza na samaki. Mzee Muhuri akasogeza kikombe chake, akakiweka juu ya samaki wa kitambaa, akauliza: "Hapa ni makaburini au sokoni?" Mjumbe wa kushoto akataka kujua kama atauzwa mzima au vipande. Samaki akatoka.

Tausi. "Marehemu alikuwa na kiburi," akasema Mzee Muhuri, "na nyinyi mnataka kumwongezea mkia?" Nikamweleza ya nyama isiyooza. Akaniuliza kama nimewahi kumwona tausi aliyekufa. Nikasema hapana. Akasema basi. Sikumwambia habari za askofu wako aliyeweka nyama kabatini mwaka mzima, maana wangeniuliza nani alikuwa akiinusa.

Mwenye kuinua mikono walikubaliana wote watatu kwamba anakamatwa na polisi.

Nikabaki na nanga yako yenye uzito wa kitheolojia. Akaniuliza: "Marehemu alikuwa baharia?" Nikasema alikuwa fundi wa kuchomelea, kama anavyojua, kwani dirisha alilokaa mbele yake kalichomelea yeye. "Aliwahi kupanda meli?" Hapana. "Kivuko je?" Hapana. "Basi ni uongo, na uongo juu ya jiwe haufutiki." Nikamkumbusha Waebrania. Akasema Waebrania walikuwa na sababu zao.

Kwa hiyo wewe, na miaka yako mitatu, na paa lako lenye wito, mmeshindwa na wazee watatu na birika la chai.

Sasa nikukumbushe kitu, maana naona umesahau au unajisahaulisha. Kaka yangu hakumkana Mungu. Siku ya kumzika mama yako, mhubiri alisema Mungu amechuma ua zuri. Baba yako akasimama, akasema: "Basi akachume kwenye bustani yake, yangu aiache." Akatoka. Maneno ya mtu aliye mbele ya jeneza la mkewe. Jumapili iliyofuata Mzee Muhuri akasoma habari za kondoo na mbuzi, wa mkono wa kuume na wa kushoto, na kila akifika kwenye mbuzi anatazama kiti kitupu cha kaka. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, ulikaa kiti cha pili, ukaangalia viatu vyako. Sikulaumu kwa viatu. Nakuuliza la hospitali.

Alisema nini?

Shangazi

*

Chuoni, 28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Kulikuwa na mitihani, halafu mafua, halafu posta. Natumaini mgongo umepata nafuu.

Nasikitika juu ya kamati. Nimefikiria tena. Iko sura ambayo sikuitaja, ya mchungaji kijana, asiye na ndevu, amebeba mnyama mabegani. Hii ndiyo inayoonekana mara nyingi mno kwenye makaburi yao ya chini ya ardhi. Wakristo hawakuibuni. Waliikuta kwa wapagani wakaiazima, na ndiyo maana mpita njia asingeshtuka. Kuna wakati waliichora hata kwenye vikombe vya ushirika, na mwandishi mmoja mkali wa zamani akaikejeli sana, kwa sababu aliona inawapa wakosaji tumaini la bure. Ni mjadala mrefu. Sikuitaja mwanzoni kwa sababu haikunijia.

Hata hivyo ningeshauri tusimchokoze Mzee Muhuri mwaka huu. Pengine ua la kawaida lingetosha. Kinachohitajika ni jiwe, si lazima alama.

Mwanao anayekuheshimu

*

Karakana, 11 Mei

Mtoto wa kaka yangu,

Leo sina habari za kuku.

Ulipoandika "ua la kawaida" niliweka barua chini nikaenda kuchonga. Ua, kwa baba yako, baada ya lile alilochumiwa. Nilidhani umesahau. Siku tatu baadaye nikajua hujasahau kitu.

Nilirudi kwa Mzee Muhuri kumuuliza kwa mara ya mwisho huo ushahidi ni upi. Nadhani alinichoka. Alifungua kabati, akatoa faili, akanisogezea karatasi moja, akawa anafuta miwani wakati naisoma. "Nathibitisha kuwa marehemu baba yangu hakutubu. Maneno yake ya mwisho yalikuwa ya dhihaka." Sahihi. Muhuri. Tarehe, siku tisa baada ya mazishi. Herufi g zote zina mkia unaojikunja kama nilivyokufundisha mimi, kwa chokaa, kwenye ukuta wa karakana hii, ukiwa huwezi kufika juu ya meza.

Mzee Muhuri aliniuliza kama nina la kusema. Nikamwambia mwandiko ni mzuri sana. Nikampa karatasi yake nikaondoka.

Nimeumia, sikufichi. Miaka minne nimegombana na kamati kuhusu adui asiyejulikana, kumbe adui nilimnunulia sanduku la kwendea chuoni. Ulikuja pale karakana, ukanisaidia kulisimamisha jiwe la baba yako ukutani, ukala, ukasema asante shangazi, na karatasi ile tayari ilikuwa kabatini.

Bibi yako sijamwambia. Anaendelea kushika nondo.

Sikuandikii ili ujitetee. Wewe ni msomi, utajitetea vizuri na mimi nitachoka. Nataka neno moja tu, na unalijua. Alisema nini?

Shangazi

*

Karakana, 30 Juni

Mheshimiwa,

Wiki saba. Naona mafua yamerudi, au posta.

Hapa wazima. Kamati imepita na chokaa ikaweka alama kwenye makaburi yatakayosawazishwa. La baba yako limepigwa mduara. Ni mduara mzuri. Uliza kwenye vitabu vyako maana yake ni nini.

Shangazi

*

Chuoni, 3 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Sijaugua na posta haina kosa. Nimeandika barua hii mara sita. Tano zilikuwa nzuri sana, nikazichana.

Siku ile Baba aliniomba nimgeuze upande wa dirisha. Miguu ilikuwa imeshakufa, unakumbuka, nilimbeba chini ya kwapa kama gunia na nusura tuangushane. Alicheka. Nikaona ndio wakati, nikamwambia: "Baba, rudi kwa Mungu." Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na mstari wa Biblia mfukoni. Akanitazama, akasema: "Mwambie huyo Mungu wako miguu imekwisha. Siwezi kumfuata tena. Akinitaka, aje anibebe." Akacheka tena, akakohoa, akaomba maji. Niliporudi na kikombe alikuwa ameondoka.

Nilikasirika, Shangazi. Nililia na nilikasirika. Nilisikia yale yale ya bustani. Mzee Muhuri aliponiita aliuliza swali moja: "Alitubu kwa kinywa chake, ndiyo au hapana?" Fomu yangu ya kuombea nafasi chuoni ilikuwa mezani kwake, upande wa kulia wa muhuri. Sitakuambia kwamba sikuiona. Nikaandika. Niliandika kwa mwandiko mzuri, ndiyo.

Sasa nikwambie kwa nini mchungaji mwenye mnyama mabegani "hakunijia". Alinijia. Ananijia tangu mwezi wa pili. Mwalimu wetu alituonyesha picha ya dari la chumba cha makaburi ya kale, chini kabisa ya ardhi, amechorwa katikati. Akauliza tunaona nini. Darasa zima tukasema kwa sauti moja, wachungaji watarajiwa thelathini na mmoja: mchungaji na kondoo. Akasema: "Nyinyi mtaongoza makundi ya watu? Tazameni tena." Tukatazama. Mnyama wa mabegani ni mbuzi. Kondoo yuko chini, kando, amesimama kwa miguu yake. Mbuzi ndiye anayebebwa.

Kwa uaminifu niseme mwalimu alisema pia kwamba pengine mchoraji alinakili tu mchoro wa kipagani na hakukusudia lolote. Wengine wanasema alikusudia, kwamba watu wale walikuwa wanajibu wakali wa siku zao waliotaka aliyeanguka asirudishwe kamwe. Mimi sikufika kwenye mjadala huo. Nilimwangalia yule mbuzi, miguu minne imeshikwa kifuani pa mtu, na nikasikia sauti ya Baba. Akinitaka, aje anibebe. Nilitoka nikajifungia chooni mpaka kipindi kikaisha. Miaka mitatu nimesomeshwa jinsi ya kuitambua sala katika Kigiriki na Kilatini, na ile niliyoambiwa kwa Kiswahili, uso kwa uso, niliiandika dhihaka na kuipeleka kugongwa muhuri.

Kisha nikakuchorea samaki, nanga na tausi. Nilijua utakachohitaji. Niliogopa kukupa, kwa sababu kukupa ningelazimika kusema nimekipataje.

Ndani ya bahasha kuna mchoro. Kuna pia nakala ya barua niliyoituma jana kwa baraza la wazee. Ni fupi: "Ushahidi wangu wa miaka minne iliyopita ulikuwa wa uongo. Baba yangu aliomba kabla ya kufa. Mimi ndiye niliyeshindwa kuitambua sala." Jina na sahihi.

Mwambie Bibi, au usimwambie. Nakuachia wewe, maana mimi nimeshaonyesha jinsi ninavyotunza maneno ya watu.

Mtoto wa kaka yako

*

Karakana, 24 Agosti

Mwanangu,

Mgongo haujambo. Bibi hajambo, ana kikohozi cha kuigiza pale anapotaka chai. Nilimwambia yote, jioni uliponifikia mchoro. Akasema: "Alikuwa hapendi kubebwa tangu mdogo. Kumbe alikubali." Halafu akataka chai.

Mimi nililia pia, kwa taarifa yako, na kulia ukiwa na vumbi la mawe usoni ni kazi chafu. Hasira yangu bado ipo. Nimeiweka mahali, nikihitaji nitaichukua. Lakini nimelipata neno langu, na nilikuwa nalisubiri miaka minne.

Kamati imekaa. Barua yako ilisomwa kwa sauti. Mzee Muhuri aliisoma vizuri, hakuruka neno, nampa haki yake. Kisha akaigonga IMEPOKELEWA na akatangaza kwamba kuomba kubebwa si kutubu, kwa kuwa anayetubu huja mwenyewe. Msalaba hapana. Nilimuuliza kama siku ya kubatizwa alijipeleka, maana mimi nakumbuka mama yake akisimulia alivyombeba akipiga makelele. Mjumbe wa kushoto alipaliwa na chai.

Nikatoa mchoro.

"Hiki ni nini?"

"Pambo la heshima. Mtu na mnyama."

Akausogeza kwenye mwanga wa dirisha la kaka. "Mchungaji na kondoo. Hii angalau inaeleweka." Akautazama tena. "Mbona huyu kondoo ana ndevu?"

"Ni kondoo mzee," nikasema.

"Na pembe?"

"Mzee dume."

Akachukua muhuri, akaupulizia, akagonga. Wachungaji watarajiwa thelathini na mmoja mlihitaji kuambiwa mtazame mara ya pili. Yeye alitazama mara tatu, usimdharau.

Nimeanza kuchonga asubuhi ya pili yake. Sichongi kwa kuingia ndani, nachonga kwa kuinua, sura zitokeze nje ya jiwe, kwa sababu yupo mtu mmoja atakayelisoma kwa vidole. Ni kazi mara nne na patasi yangu ya bapa imekwisha makali. Kijana wako wa mchoro umempa miguu mirefu mno, nimemfupisha. Aliyebeba mzigo hasimami kama anayepigwa picha.

Shangazi

*

Chuoni, 15 Septemba

Shangazi,

Shikamoo, na kwa Bibi.

Barua ya kanisa la nyumbani imefika. Inasema barua yangu ya kunithibitisha imeahirishwa "hadi uthabiti wa ushuhuda wake utakapobainika". Mihuri miwili. Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja wenzangu thelathini watabarikiwa na mimi nitapanga viti. Mkuu wa chuo aliniita, akanisomea, akaniuliza kama ninajuta. Nilimwambia ninajuta barua ya kwanza. Amenipa kazi ya kufuta vumbi maktaba hadi hapo watakapoamua. Nimekuwa kama wewe, ila vumbi langu halina faida kwa mtu.

Sitakudanganya kwamba haiumi. Nililitaka sana joho lile. Nilikuwa nimeshapimwa.

Nilisoma uliposema nije siku ya kusimamisha jiwe. Hapana, nimesoma tena, hukusema. Mimi ndiye niliyetamani useme. Lakini hata ungesema, sijui kama nina uso wa kusimama mbele ya Bibi.

Mwanao

*

Karakana, 6 Oktoba

Mwanangu,

Salamu tele. Wote wazima, na kuku mpya wawili, ambao hawajakuona na kwa hiyo bado wanakuheshimu. Pole kwa joho. Nalisema bila kejeli, soma haraka kabla sijabadilika.

Jiwe limesimama. Tumelipeleka jana asubuhi kwa mkokoteni. Tulipita kwenye geti la kaka, na mduara wa chokaa nikaufuta kwa kisigino. Kamati ilikuja kuhakikisha kilichochongwa ndicho kilichogongwa muhuri. Mzee Muhuri alizunguka jiwe lote, akapima kimo kwa tepu, akaridhika.

Kisha Bibi akaomba asogezwe. Nikamshika mkono nikauweka juu. Akaanza na mchungaji, kichwa, shingo, mabega. Akafika kwenye mnyama. Akapapasa pembe moja, akapapasa ya pili. Akashuka kwenye ndevu, akasimama hapo. Unakumbuka cheche ziliunguza ndevu za baba yako upande wa kushoto, hazikuota tena sawasawa, akawa anatembea na ndevu nusu kama mtu aliyemkimbia kinyozi. Hilo halikuwa kwenye mchoro wako. Nililiongeza mwenyewe, na kamati haikupima ndevu.

Bibi akasema, kwa sauti ile ya mtu anayedhani wote ni viziwi: "Huyu si kondoo."

"Mama," nikamnong'oneza, "kamati iko hapa."

"Iwepo. Huyu ni mwanangu."

Mzee Muhuri alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alisikia, kila mtu alisikia. Alitazama jiwe, akatazama vidole vya Bibi, akaangalia viatu vyake. Kisha akakunja tepu yake polepole na kusema gari linamsubiri. Hakuna gari lililomsubiri. Alikwenda kwa miguu.

Bibi aliendelea kushuka mpaka kwenye mikono ya mchungaji, pale ilipokamata miguu ya mbuzi kifuani. Akaihesabu. Akaniuliza: "Yote minne?" Nikamwambia yote minne. Akasema vizuri, maana ilimsumbua sana miguu ile mwishoni. Akauliza nani alifikiria jambo hili. Nikamwambia mtoto wa marehemu, yule aliyekuwepo siku ile, akasikia, akachelewa kuelewa.

Nikamsomea na barua yako, pamoja na pale unaposema huna uso wa kusimama mbele yake. Alicheka mpaka kile kikohozi cha kuigiza kikawa cha kweli. Amesema nikuandikie kwamba yeye nyuso alishaacha kuziangalia siku nyingi, anachotaka ni kukushika. Na ukiona huwezi kuja mwenyewe, useme, watu wa kukubeba wapo.

Nondo nimeing'oa, iko mezani kwangu. Basi la kwenu huingia hapa saa nne asubuhi. Nitakuwa kituoni.

Shangazi yako